Salamu za Delmiro Kutoka Meli ya Piancó

Lagoa do Umbu, 10 Januari 1943

Kwa kaka yangu Belarmino,

Kwanza salamu, kwa sababu Bibi amesimama nyuma yangu na anahakikisha sisahau mtu. Bibi anakusalimu. Hajambo, isipokuwa goti, ambalo anasema linauma kwa sababu ya vita. Punda hajambo. Padre anakusalimu na anauliza kama huko mnasali. Mvua haijaja. Watu wameanza kuwakatia ng'ombe dungusi na kuchoma miiba yake, kwa hiyo mji mzima unanuka moshi.

Barua yako ya Desemba ilifika. Sasa naomba usikasirike. Unakumbuka kwamba Mzee Gaudêncio wa duka la dawa ametundika kipaza sauti kwenye nguzo uwanjani. Kila Jumapili baada ya Misa anapiga muziki, anatangaza waliozaliwa na wanyama waliopotea. Bibi alimpelekea barua yako bila kuniambia. Mzee Gaudêncio alikuwa amekauka sauti kwa mafua, akasema, "Huyu mjukuu wako anasoma vitabu vinene, asome yeye." Nikasema siwezi. Bibi akasema, "Utakuwa chumbani nyuma ya pazia. Nani atakuona? Soma."

Kaka, nilisoma. Shuleni Sista Veridiana husema sauti yangu ni ya mbu aliyetubu. Nyuma ya lile pazia ilitoka kama ya mtu mwingine, mtu mzima mwenye nyumba yake. Nilisoma yote, hata sehemu ya kutapika kwako baharini, kwa kuwa sikujua kama inaruhusiwa kuruka. Watu waliipenda sana. Mchinjaji ameomba irudiwe.

Sasa ni desturi. Kila barua yako itasomwa. Bi Filó alikaa benchi la mbele na mwavuli wake, na nilipotoka alinishika mkono akasema, "Na wangu je? Wangu hatapiki?" Wewe unajua mwanawe Delmiro hawezi kuandika zaidi ya jina lake. Basi naomba kila barua uweke mstari mmoja wa Delmiro. Usiwe wa kutapika tu.

Meli yenu ni kubwa?

Mdogo wako,
Otília

*

Baharini, 7 Februari 1943

Mdogo wangu Otília,

Umsalimie Bibi na goti lake, na Padre. Mwambie Padre tunasali sana, hasa wale ambao nyumbani hawakuwa na mazoea. Mimi ni mzima. Siwezi kusema niko wapi. Ni mahali penye maji.

Kuhusu kipaza sauti sina la kusema, maana limekwisha kufanyika. Ila kuanzia sasa kutapika kwangu ni siri ya nchi.

Meli yetu si kubwa. Piancó ni meli ndogo ya kusindikiza, na mabaharia wa meli kubwa wakituona huuliza kama mama yetu anajua tuko nje. Meli za mizigo hutembea kwa msafara, safu kwa safu, kwa mwendo wa ile iliyo goigoi kuliko zote. Sisi tunazunguka pembeni. Ni kazi ya mchunga ng'ombe tu: unalizunguka kundi, unamrudisha aliyebaki nyuma, na unamwogopa chui usiyemwona. Chui wetu ni nyambizi. Kuna mtu amevaa vyombo masikioni kutwa nzima akisikiliza chini ya maji. Akisikia kitu, tunakwenda juu yake na kudondosha mapipa ya baruti. Mpaka sasa tumeua samaki wengi sana, na mpishi ameshukuru.

Mimi nimewekwa kwenye usukani. Wanasema nina mkono uliotulia. Ni kwa sababu naogopa kuusogeza.

Delmiro yuko nyuma kabisa ya meli, kwenye mapipa. Anamsalimu mama yake, na anasema hatapiki. Hiyo ni kweli, na hakuna anayempenda kwa sababu hiyo. Katika msafara kuna meli moja kuukuu yenye moshi mweusi, kila siku hubaki nyuma. Delmiro ameibandika jina Mjane. Ikichelewa, husimama kule nyuma na kuiimbia ule wimbo wa kuitia ng'ombe, kwa sauti yote. Mpishi akamwambia, "Wewe mtoto wa nyika, chuma hakisikii." Delmiro akamjibu, "Na ng'ombe unadhani husikia? Hutembea tu ili ninyamaze."

Katika bandari moja amejifunza kusema asante kwa Kiingereza. Sasa hashukuru kwa lugha nyingine, hata akipewa ufagio.

Kuna jambo jingine kumhusu ambalo si la kipaza sauti. Nitakusimulia nikija.

Kaka yako,
Belarmino

*

Baharini, 21 Machi 1943

Mdogo wangu Otília,

Nakusalimu, nawe msalimie Bibi. Mimi ni mzima wa mwili. Leo sina mzaha.

[Hapa karatasi imekatwa kwa wembe. Limebaki tundu la upana wa kiganja.]

tena sitaandika juu ya jambo hili, na msiniulize. Nikipata likizo nitakuja niseme mwenyewe kwa mdomo.

Kaka yako,
Belarmino

*

Lagoa do Umbu, Jumapili ya Matawi, 18 Aprili 1943

Kwa kaka yangu Belarmino,

Salamu kutoka kwa Bibi, Padre, Mzee Gaudêncio, Sista Veridiana na mchinjaji. Ilinyesha siku ya Mtakatifu Yosefu, kidogo, ila imehesabiwa kuwa dalili njema. Goti la Bibi limepata nafuu, kwa hiyo vita labda vinaelekea kwisha.

Barua yako ya Machi ilifika ikiwa na dirisha. Mkaguzi wa barua ana wembe mzuri, hakuacha hata nyuzi. Bibi aliiinua juu akamwona jogoo kupitia kwenye tundu, akasema, "Huyu kaka yako ameandika nini, ramani?" Mimi nadhani najua. Wewe na Delmiro mmegombana tena. Tangu mlipovunjiana meno kwa sababu ya lile tandiko hamjawahi kukaa mwaka mzima bila kugombana, na mnapogombana wewe huandika barua fupi. Sikulazimishi kusema. Naomba tu mpatane, kwa sababu baharini mtu hana pa kwenda kununa.

Ulitaka kutapika kwako kuwe siri, yaani niruke baadhi ya sehemu ninaposoma. Naweza. Jumapili ile nilisoma kama nilivyoweza. Bi Filó alikuwa benchi la mbele.

Nikupe na la kuchekesha. Honorato wa posta alipokea simu ya maandishi kutoka Jeshi la Majini, ya kumwarifu Bi Filó kwamba mwanawe Crispim amefariki akiwa kazini. Crispim! Yule mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa homa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Honorato alisema kumpelekea mama habari kwamba mtoto aliyemzika zaidi ya miaka ishirini iliyopita amekufa tena ni kumdhihaki. Akairudisha, ameandika nyuma yake: "Mlengwa alishafariki, hajawahi kuona bahari, tafuteni vizuri." Dukani kwa Mzee Gaudêncio watu walicheka mpaka wakashika kaunta. Kila mtu anajua habari hii isipokuwa Bi Filó, kwa heshima.

Kama Jeshi letu la Majini linatafuta nyambizi kwa uangalifu huo huo, nitazidi kukuombea.

Mdogo wako,
Otília

*

Lagoa do Umbu, 27 Juni 1943

Kwa kaka yangu Belarmino,

Salamu kutoka kwa wote, kwa mpangilio ule ule. Barua yako ya Mei ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulikuwa anwani. Silalamiki. Tuliadhimisha Mtakatifu Yohane kwa moto mdogo kwa sababu kuni ni ghali, na mahindi yalikuwa ya majirani.

Bi Filó anatuma jibini. Amelifunga kwa kitambaa chenye chumvi, amesema mgawane wewe na Delmiro, lakini Delmiro apewe upande wa ndani. Amenifanya niandike maneno yake kama alivyoyatamka. Haya hapa:

"Delmiro mwanangu, nimefanya kama ulivyoniambia, yule ng'ombe sikumuuza. Alikuja mtu wa Iguatu na pesa mkononi nikamwambia mwanangu amekataa. Akasema mwanao yuko baharini, atajuaje. Nikamwambia anajua, ametuma neno. Nimefurahi kwamba siku hizi unasema sana. Ulipokuwa hapa ulikuwa kama gogo. Mama yako."

Nimeandika kama alivyosema. Naomba usimwonyeshe Delmiro kwanza. Naomba usome wewe, kisha uniandikie.

Mdogo wako,
Otília

*

Recife, 2 Agosti 1943

Otília,

Bibi hajambo? Barua hii haipiti posta. Anaileta Juvenal, dereva wa lori la pamba, ambaye ni mtu wa Iguatu na hajui kusoma, kwa hiyo ni salama mara mbili. Usiipeleke kwa Mzee Gaudêncio.

Jibini lilifika. Liko sandukuni kwangu, halijakatwa. Delmiro alisema nini kuhusu ng'ombe? Nataka unijibu hilo kwa ufupi.

Barua yako ya Aprili imenifikia sasa tu, pamoja na ile ya Juni, na nimeelewa kwamba hamkujua. Mimi nilidhani mnajua. Niliandika Machi, na Jeshi la Majini lilituma simu. Nilidhani umenyamaza juu ya Delmiro kwa kunihurumia. Kumbe hukuwa na habari.

Delmiro amekufa. Ilikuwa tarehe 14 Machi, asubuhi ya Jumapili.

Ile simu haikukosea. Delmiro aliandikishwa kwa jina la Crispim. Alikuwa na miaka kumi na sita na walikuwa hawachukui wa kumi na sita, basi akaenda kwa mtunza kanisa akaomba cheti cha ubatizo cha marehemu kaka yake, akasema ni cha kumwombea. Mama yake hakujua. Melini aliitwa Crispim, na mwezi wa kwanza aliadhibiwa mara kwa mara kwa kutoitika. Afisa alimuuliza, "Wewe ni kiziwi?" Akasema, "Hapana, bwana, nilidhani unamwita mwingine." Hilo ndilo nililotaka kukusimulia nikija. Nilidhani mtacheka.

Sasa nitasema jinsi ilivyokuwa, mara moja tu.

Bahari ilikuwa mbaya tangu alfajiri. Piancó ikilala upande mmoja, mtu anatembea ukutani. Tulikuwa mwisho wa msafara, upande wa kushoto. Pipa moja lilikata kamba kule nyuma likaanza kutembea peke yake, na pipa likitembea linaweza kuyaamsha mengine yakalipuka. Walitumwa wawili, Delmiro na mtu wa Paraíba anayeitwa Abdoral. Walilifunga. Abdoral anasema Delmiro alilipiga kofi kama unavyompiga ng'ombe akishaingia zizini. Kisha likaja wimbi. Abdoral lilimsukumia kwenye kamba akavunjika mkono. Delmiro halikumsukumia kwenye kitu.

Walirusha boya. Walipiga kelele, ujumbe ukapita mdomo kwa mdomo mpaka kwa nahodha. Na wakati ule ule mtu wa vyombo vya masikioni alikuwa amesema kuna kitu chini, mbele yetu, upande wa kulia. Meli thelathini na kitu za watu zilikuwa upande huo. Nahodha alitazama nyuma, kisha mbele. Mimi nilimwona uso, kwa sababu anasimama karibu na usukani. Kisha akaniambia, "Shika hivyo hivyo."

Nikashika hivyo hivyo.

Mwenye usukani haangalii nyuma, Otília. Anaangalia dira. Niliangalia dira. Nilijua ni nani, kwa maana walisema Crispim, na mimi tu ndiye niliyejua Crispim ni nani. Kama ningegeuza usukani wangenitoa pale na kumweka mwingine, na labda nyambizi ingepata meli yenye watu hamsini. Hayo yote niliyafikiri baadaye. Wakati ule sikufikiri. Niliambiwa nishike nikashika, vizuri kabisa, bila kutikisika. Nahodha alinisifu.

Tulidondosha mapipa. Waliibuka samaki. Walikuwa kundi la samaki, ndicho alichokuwa amekisikia yule mtu, samaki.

Tulirudi tukatafuta. Ile meli ya moshi, Mjane, ilikuwa nyuma yetu kabisa nayo ikatafuta, ingawa hairuhusiwi kusimama. Walikuta boya. Wengine wanasema walimsikia akiita. Mimi sikusikia, injini ziko karibu na pale ninaposimama.

Bi Filó lazima aambiwe. Nimeomba likizo, nimenyimwa, msafara mwingine unatoka. Sitaki asikie kwa Honorato, wala kwa nguzo ya uwanjani. Mwambie yote. Mwambie na ya usukani. Usiruke.

Belarmino

*

Lagoa do Umbu, 29 Agosti 1943

Kwa kaka yangu Belarmino,

Bibi anakusalimu. Hakuna wengine leo.

Najibu kwa ufupi kama ulivyotaka: Delmiro hakusema kitu kuhusu ng'ombe. Nilisema mimi. Ile Jumapili ya barua yenye dirisha nilifika kwenye tundu na Bi Filó alikuwa pale na mwavuli, namwona kwa ufa wa pazia. Nikasema, "Delmiro anakusalimu, mama, anasema usimuuze ng'ombe, mvua itakuja." Sijui ilitoka wapi. Jumapili iliyofuata alikuja na dada yake. Barua zako hazikuwa na Delmiro tena, na kila Jumapili walizidi kuja kumsikiliza Delmiro. Nilimfanya aote ndoto. Nilimfanya aulize hali ya kila jirani. Kaka, nilimpa maneno mengi kuliko aliyosema maisha yake yote, naye alikuwa amekwisha kufa.

Juvenal alileta barua Jumatatu. Nilikaa nayo. Alhamisi Bibi akasema, "Unatembea kama kuku mwenye yai bovu, kuna nini?" Nikampa. Hajui kusoma, basi ikabidi nimsomee, na hapo nikajua kwamba inawezekana kuisoma hadi mwisho. Bibi alifunga kitambaa kichwani akasema, "Twende." Tulipofika kwenye ua wa Bi Filó akasimama langoni. Nikamwambia tuingie wote. Akasema, "Ulisema peke yako, utasema peke yako. Mimi niko hapa, siendi popote."

Bi Filó alikuwa anamkatia ng'ombe dungusi.

"Barua imekuja?"

"Imekuja, Bi Filó. Lakini si ya—"

"Soma, mtoto. Mikono yangu ina kazi, masikio hayana."

Nilisoma kama ulivyoandika. Nilipofika "Delmiro amekufa" aliendelea kukata. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia, akasema, "Endelea." Alikata mpaka pale pa usukani, akaweka panga chini. Nilipomaliza akasema:

"Rudia pale pa samaki."

Nikarudia.

"Samaki gani?"

"Hakuandika."

Alikaa juu ya gogo. Ng'ombe alikuja akaanza kula vipande vyenye miiba ambavyo havijachomwa, na hakuna aliyemfukuza. Baadaye akasema, "Huyo Crispim ameingiaje humu?" Nikamweleza tena habari ya cheti. Akasema, "Crispim nilimzika mimi. Nilimshonea kanzu, akasomewa Misa, nikamaliza. Jeshi la Majini likitaka kumzika tena lizike lenyewe. Aliyekufa sasa ni Delmiro."

Nikasema ndiyo.

"Na ya ng'ombe?"

"Ni mimi, Bi Filó."

"Na ile kwamba ameota naosha nywele zake?"

"Ni mimi."

"Na kwamba amejifunza kusema asante kwa Kiingereza?"

"Hiyo ni ya kweli. Ni ya Februari."

"Basi hiyo naiweka," akasema.

Nilianza kulia. Akaniambia nisilie pale, kwamba kulia pale ni kwake na hajaanza. Kisha akaniambia Jumapili nitasema mwenyewe, mahali pale pale niliposema yale mengine, na pazia liwe wazi.

Mzee Gaudêncio hakutaka. Alisema ni marufuku kutangaza vifo vya vita, kwamba polisi watachukua nguzo yake, na yeye amekwisha kuilipia. Bi Filó akamwambia, "Hutatangaza wewe. Wewe nenda kapange chupa zako." Padre naye alikuwa na shida, kwa sababu Honorato alikuwa amemwambia kuhusu ile simu, na karatasi ya serikali inasema Crispim, hajui kwenye Misa amtaje nani. Bi Filó akasema, "Mungu anawajua wote wawili, Padre. Wewe taja Delmiro."

Leo nimesema. Pazia lilikuwa wazi na uwanja ulikuwa umejaa, hata mchinjaji alifunga duka. Sauti ilirudi kuwa ya mbu. Watu wa nyuma walipaza, "Hatusikii!" nikarudia. Nilisema: "Delmiro mwana wa Bi Filomena alifariki baharini mwezi wa Machi, akiwa amefunga pipa. Salamu zake zote mlizosikia tangu Aprili nilizitunga mimi. Hakuwahi kusema ng'ombe asiuzwe." Halafu nikasimama tu, kwa sababu nilikuwa sijapanga jinsi ya kuondoka.

Kisha mzee mmoja kando ya kisima akauliza, "Kwa hiyo ng'ombe anauzwa au hauzwi?"

Bi Filó akasema bila kugeuka, "Hauzwi."

Honorato alikuja mbele yake akavua kofia, akasema alidhani anamwepusha na uchungu. Bi Filó akamwambia, "Umeniepusha miezi mitano." Sijui kama alimshukuru au alimlaani. Honorato naye hajui, amekaa kwenye ngazi za posta mpaka sasa hivi ninapoandika.

Jioni Bi Filó ameniita niandike maneno yake kwako. Nimemuuliza kama nipunguze makali. Amesema nimekwisha kumpunguzia vya kutosha. Haya hapa:

"Belarmino. Nimesikia. Ulishika ulivyoambiwa, na watu wa zile meli wana mama zao. Hilo nalijua kwa kichwa. Sasa usinisalimie. Usitie jina langu kwenye barua zako, wala pole, wala heshima, mpaka Krismasi ipite. Ikishapita unaweza kuanza tena. Jibini lileni, litaoza. Filomena."

Mimi sitasoma tena kwenye kipaza sauti. Mzee Gaudêncio amepona mafua.

Mdogo wako,
Otília

*

Baharini, 26 Desemba 1943

Mdogo wangu Otília,

Nakusalimu, na Bibi, na goti, na punda. Mimi ni mzima.

Piancó imepakwa rangi mpya kwa ajili ya sikukuu na tayari imeanza kutu. Tangu Septemba misafara yetu yote imefika na hesabu kamili. Kila baharia anatoa sababu yake, na mpishi anasema ni maharagwe. Nahodha ameamuru kwamba anayekwenda nyuma bahari ikiwa mbaya afungwe kamba mbili, moja kiunoni na moja begani. Kwenye mapipa wameweka mtu wa Maranhão. Haimbi.

Bado niko kwenye usukani. Niliomba wanihamishe jikoni, nahodha akasema mkono wangu umetulia mno kwa jikoni.

Jibini tulilikata siku ile barua yako ilipofika. Abdoral alikula upande wa ndani. Nilidhani ni haki.

Jana ilikuwa Krismasi. Kwa Bi Filomena: nakusalimu. Nimeandika mstari huu mara nyingi kwenye karatasi nyingine na kila mara ulikuwa mrefu kuliko huu.

Kaka yako,
Belarmino

*

Lagoa do Umbu, 16 Januari 1944

Kwa kaka yangu Belarmino,

Bibi anakusalimu. Padre anakusalimu. Honorato anakusalimu. Siku hizi kila simu ya maandishi anaipeleka mwenyewe nyumbani kwa mtu, hata ya kumpongeza aliyejifungua, na watu wakimwona anakuja wanaanza kulia.

Barua yako ilifika juzi bila dirisha. Nilikwenda nayo kwa Bi Filó jana. Alikuwa anakamua. Nilimwambia kuna mstari mmoja wake, akasema nisome huo tu. Nikasoma. Akaendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa, akaifunika, akafua kitambaa, akakianika. Nilidhani nimeshaagwa. Nilipofika langoni akaniita.

"Anakula?"

Nikasema sijui, hukuandika.

"Muulize," akasema.

Basi nakuuliza. Unakula?

Otília